Nani kasema mkimbizi alale saa mbili usiku?

Ndugu zangu wa grupu, pamoja na ninyi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kuweka hata dole gumba, salamu. Leo siandiki juu ya rasheni wala juu ya kadi. Naandika juu ya usiku.

Mnajua kilichotokea. Watu wanne wa grupu letu, nami nikiwemo, tulitoka Rumonge kwenda Bujumbura kwenye mkutano wa vijana wakimbizi, siku tatu. Tulirudi na ripoti ya kurasa kumi na moja. Tukaiweka hapa. Watu sita ndio walioifungua, na wawili kati ya hao ni sisi wenyewe tuliokuwa tunaangalia kama imefika. Halafu dada yetu mmoja akaweka picha moja tu kwenye stetasi yake: meza ya plastiki, mukeke wa kuchoma, vitunguu, chupa tatu za Fanta na moja ya Primus, nyuma yetu ziwa, na sisi meno yote nje. Hiyo picha imetembea kuliko sisi. Imefika Kavumu, imefika Bwagiriza, na nasikia hata Nyarugusu kule Tanzania kuna mtu ameiona.

Maneno yaliyofuata mnayajua pia. "Mukimbizi gani anacheza muziki ku plaje?" "Munakula makuta yetu." Mzee mmoja ninayemheshimu sana akatuma sauti ya dakika nne, akalia ndani yake. Siku mbili baadaye simu ikaja kutoka shirika moja, ambalo sitalitaja, kwa sauti ya upole kabisa, ikiuliza kama vijana hawa "wanafahamu maana ya kuwakilisha wenzao". Sasa kuna mambo mawili mezani. La kwanza ni pendekezo la shirika kwamba kuanzia mkutano ujao mshiriki mkimbizi asitoke hotelini baada ya saa mbili usiku. La pili ni letu wenyewe, na ndilo linaloniuma zaidi: Jumapili grupu litapiga kura kama dada yule na kaka mmoja aliyekuwa naye wanyang'anywe nafasi ya kwenda tena.

Mimi nasema hapana kwa yote mawili. Naomba mnisome mpaka chini kabla ya kuanza kutuma sauti.

Tuanze na mji wenyewe, maana wengine mnauzungumzia kama vile ni Dubai. Kutoka Rumonge mpaka Bujumbura ni kama kilomita 75, barabara moja inayofuata ziwa: Minago, Magara, Gitaza, Kabezi, umefika. Mfanyakazi wa shirika mwenye gari lenye bendera anaenda asubuhi, anafanya kikao, anarudi kula chakula cha jioni. Sisi kwanza ni karatasi. Halafu ni mafuta, kwa sababu miaka hii ya uhaba wa petroli unaweza kukaa stendi tangu alfajiri ukingoja Probox ijae watu, na ikishajaa watu mnangoja ijae mafuta. Kwa wenzetu wa kambini ni kibali cha kutoka, chenye tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi, na ukichelewa unaulizwa. Kuna kijana kwenye mkutano ule, amekaa kambini miaka tisa, hiyo ilikuwa mara yake ya pili kuona taa za barabarani. Miaka tisa! Mtu huyo ndiye tunayetaka kumwambia alale saa mbili.

Njiani, pale Mugere, kuna jiwe kubwa limeandikwa majina ya Livingstone na Stanley. Walipita hapo Novemba 1871, wakakaa siku chache, wakaendelea na safari yao. Wageni wawili, hawakuwa na kibali cha mtu, na wamewekewa jiwe. Sisemi tuwekewe jiwe. Nasema tu.

Na kwa kuwa kuna watu hapa wanapenda kusema "sheria hairuhusu", twende kwenye sheria. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, kifungu cha 26, unasema mkimbizi aliye nchini kihalali ana haki ya kuchagua mahali pa kukaa na kutembea kwa uhuru, chini ya kanuni zilezile zinazowahusu wageni wengine. Burundi iliingia mkataba huo 1963 na kuweka masharti juu ya kifungu hicho: mkimbizi asichague kukaa eneo linalopakana na nchi alikotoka, na asitumie uhuru wa kutembea kufanya hila dhidi ya nchi yake. Ukitazama ramani utaona utani uliomo, maana Bujumbura na Rumonge zote mbili zinatazamana na Kongo. Sisi wa Fizi tukisimama hapa ufukweni siku ambayo mbingu iko safi tunaona Ubwari kwa macho, na kama una macho ya mvuvi utasema unaona hata moshi. Lakini mimi nimelisoma lile sharti mara tatu. Mukeke haumo. Muziki haumo. Saa mbili usiku haimo. Kula samaki karibu na maji si hila dhidi ya nchi yoyote, labda dhidi ya samaki.

Sasa mchana wa mkutano ulikuwaje? Mnaujua, mmeshakaa kwenye semina. Bango la plastiki nyuma, maji ya chupa, kalamu na daftari lenye nembo. Mwezeshaji anasema tujigawe makundi matano. Tunaandika kwenye karatasi kubwa: changamoto, sababu, mapendekezo. Zinabandikwa ukutani, zinapigwa picha, jioni zinashushwa. Sidharau. Kuna mambo mazito yalisemwa mle. Juu ya vyeti vya shule vya Kongo visivyokubaliwa kirahisi tulizungumza saa nzima, na yupo mtu wa ofisi aliyeandika kweli, si kuchora maua pembeni. Dada huyu mnayetaka kumwondoa ndiye aliyesimama akaeleza jinsi wasichana wanavyoacha shule kwa kukosa pedi na sabuni, ukumbi ukanyamaza. Hilo hamkuliona kwenye stetasi kwa sababu halikupigwa picha.

Kilichopigwa picha ni kingine. Siku ya pili alikuja mpiga picha wa ripoti. Akatupanga kwenye ngazi, akatazama kwenye kamera, akasema kwa Kifaransa kizuri: tusicheke sana. Mmoja wetu akauliza kwa nini. Akasema picha ni kwa ajili ya wafadhili.

Basi kuna picha mbili za watu walewale, wiki ileile, mji uleule. Moja tumeambiwa tufunge midomo. Nyingine hatukuambiwa chochote. Ya kwanza itachapishwa, itaenda Geneva au Brussels, na hakuna atakayeuliza kama ni ya kweli. Ya pili ndiyo imeitishiwa kura. Mimi siwezi kusema ile ya kwanza ni ya uongo, maana tuna sababu za kutocheka, zipo nyingi. Ninachokataa ni kwamba iwe ndiyo peke yake inayoruhusiwa kuonekana.

Haya, usiku sasa.

Kikao kilikwisha saa kumi na moja jioni. Wawezeshaji waliaga. Tuliwaona wakiingia kwenye magari, na kumbe tulikuwa tunakwenda upande mmoja! Bujumbura mtu hahitaji ramani kujua watu wanaelekea wapi jua likishuka: ni kwa ziwa. Maji yalipanda sana miaka hii, 2024 yaliingia mpaka kwenye nyumba za watu Gatumba, na huku kwetu Rumonge tuliona nyumba za kando ya maji zikigeuka mitumbwi. Fukwe nyingine zimeliwa mchanga wake. Lakini viti bado vinapangwa, na jua bado linazama nyuma ya milima ya Uvira kama lilivyozoea. Sisi tulikaa kwenye meza ya plastiki ya bei yetu. Wao, meza tatu kando, walikaa kwenye viti vyenye mito. Tulipungiana mikono. Mmoja wao ndiye aliyetupiga ile picha. Ndiyo, mmesoma vizuri.

Mukeke ulichukua muda, kama kawaida, maana mukeke mzuri haukimbizwi. Ukaja na ndizi za kukaanga na pilipili. Kijana aliyetuhudumia alisikia Kiswahili chetu akauliza tunatoka wapi. Tukasema Rumonge. Akacheka, akasema hicho si Kiswahili cha Rumonge, hicho kimevuka maji. Kumbe yeye mwenyewe alizaliwa Mtabila, kambi ile ya Kasulu iliyofungwa mwishoni mwa 2012. Anaijua rasheni, anajua foleni ya maji, anajua jinsi mama anavyoficha kadi ya familia ndani ya godoro. Alituambia alipofika Burundi kwa mara ya kwanza maishani mwake, watu walimpongeza eti "amerudi nyumbani". Akawa anajiuliza amerudi vipi mahali ambapo hajawahi kufika. Tulicheka mpaka meza ikatikisika. Kisha tukanyamaza kidogo wote watano, yeye na sinia lake mkononi.

Baadaye viboko wawili walitoka majini. Wa Bujumbura wamezoea, wanasogeza viti tu. Sisi tulisimama juu ya viti.

Tulipotoka pale tulipita Buyenzi. Kama hujafika Buyenzi usiku hujui kwamba kuna mtaa Burundi ambao Kiswahili ndicho kinachoamuru: mafundi wa magari bado wako chini ya magari na tochi mdomoni, mama anauza sambusa, msikitini watu wanatoka, redio tatu zinapiga nyimbo tatu. Hakuna aliyetuuliza sisi ni akina nani. Tukafika mahali penye muziki, pa kawaida, taa nyekundu na spika moja iliyopasuka. Tukacheza. Mpaka saa sita kasoro. Kaka yetu yule, ambaye kwenye kikao alikuwa hawezi kusema sentensi mbili bila kutazama chini, alicheza ndombolo mpaka watu wakampisha katikati. Nimemjua miaka mitatu. Sikujua ana mabega.

Hapa najua mtu wa shirika anayesoma ameanza kutafuta neno. Atasema: "Ah, afya ya akili! Tuandike kwamba burudani inasaidia afya ya akili." Asante, lakini ngoja. Ningeweza kuwapa faida za usiku ule kwa orodha. Ningeweza kuwaambia kwamba kwenye ile meza tulipata namba ya mtu anayefahamu njia ya kupata usawa wa vyeti, jambo ambalo ukumbi mzima ulishindwa kutuelekeza. Ni kweli tulipata. Lakini sitaki kuutetea usiku wetu kwa njia hiyo, kwa sababu kesho nikicheza bila kupata namba ya mtu mtasema nilipoteza muda. Kila kitu cha mkimbizi lazima kiwe na matokeo: akifuma ni kujitegemea, akicheza mpira ni kuishi kwa amani na wenyeji, akipika ni mradi. Mfanyakazi wa shirika akikaa ufukweni na bia yake saa mbili usiku anapumzika, basi, hakuna safu ya kujaza. Mimi nataka hicho hicho. Kupumzika kusiko na safu.

Wala simchukii yule wa meza ya tatu. Kazi yao ni ngumu, wanasikia mabaya kutwa nzima, mtu asipokaa karibu na maji jioni atapasuka. Ninachouliza ni hiki: yeye anayesikia habari ya kuvuka ziwa usiku chini ya risasi anahitaji kupumzika, na aliyevuka je? Desemba 2023 kulikuwa na kongamano la dunia la wakimbizi kule Geneva, siku tatu kama letu, na wajumbe wakimbizi walikuwa zaidi ya 300. Geneva nayo iko juu ya ziwa. Natumaini walikula vizuri, walitembea usiku, waliona zile taa. Natumaini hakuna aliyewahesabu kitandani saa mbili.

Sasa nirudi kwa Mzee na sauti yake ya dakika nne, maana hayo ndiyo maneno pekee yaliyoninyima usingizi. Mzee, shikamoo. Ulisema: watu wetu wako porini, wengine hatujawazika, na ninyi mnacheza. Siwezi kukujibu kama ninavyojibu shirika.

Nakumbuka tu matanga ya kwetu. Mtu akifa, watu wanakuja na mikeka, na usiku kucha ni nyimbo. Si nyimbo za kulia tu. Ikifika saa nane usiku kuna anayesimulia vituko vya marehemu na watu wanacheka, mjane anacheka, kisha analia, kisha anacheka tena. Hakuna aliyewahi kumwambia mjane, ukicheka humpendi mumeo. Wewe mwenyewe Mzee ndiye uliyetufundisha kupiga makofi ya matanga, hapa Rumonge, mwaka ule tulipopata habari ya Baraka. Sisi pale Buyenzi hatukuwa tumesahau. Wimbo mmoja ulipopigwa, ule wa zamani ambao baba zetu waliucheza, dada yetu alitoka nje akasimama peke yake robo saa. Akarudi, akacheza.

Na kama tunazungumzia nani ana haki ya usiku wa mji asiozaliwa, basi tukumbuke nani aliujenga. Remmy Ongala alizaliwa upande wa Kindu, akafika Dar es Salaam 1978, akapiga na Orchestra Makassy, kisha na Super Matimila, na Watanzania wakamwita daktari. Samba Mapangala alitoka Kongo akapita Kampala, akafika Nairobi 1977, na Nairobi ya usiku haikuwa ileile tena. Orchestra Maquis nao walitoka Kongo wakahamia Dar. Hao hawakuwa na kadi za HCR, najua, msinisahihishe. Lakini walikuwa watu waliovuka mpaka na kuwafanya wenyeji wacheze. Rumba yenyewe iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2021. Tukifika mjini na tukasikia rumba, sisi si wageni waalikwa kwenye ile ngoma. Tumekuja nayo.

Hata mji huu tunaoishi unajua habari hizi. 1972 watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walivuka kwenda Kigoma, wengine Uvira, wengine kwetu Fizi. Walikaa huko miaka zaidi ya 30, wakaoa, wakazika, wakacheza. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi wa mwaka ule. Waliorudi walikuta michikichi yao ina wenyewe wengine, na kesi za mashamba ziko mpaka leo. Bujumbura nayo iliwahi kufungwa usiku: vita vilileta amri ya kutotoka, na mwezi wa nne wa 2006 ndipo ilipoondolewa. Muulize mtu yeyote wa mji aliyekuwa kijana wakati ule, atakuambia usiku wa kwanza bila amri alikuwa wapi. Hakuna anayejibu "nililala".

Sasa, yapo ambayo wakosoaji wamesema kweli, na sitayapita haraka.

La nafasi. Hapa niko upande wenu kabisa. Wanaoitwa kwenye mikutano ni walewale. Nani anajua Kifaransa, nani ana simu nzuri, nani anajulikana na afisa. Mimi nimekwenda mara mbili, na kuna kijana wa gereji karibu na soko ambaye ana akili kuliko mimi na hajawahi kupita Magara. Hasira ya ile picha, naamini, si ya mukeke. Ni ya kiti. Mtu aliyekaa Rumonge na njaa yake anatazama mtu aleyule anakula tena mahali pengine tena. Hasira hiyo ni halali. Lakini dawa yake ni orodha ya zamu, iandikwe, ibandikwe, mtu akienda mara moja asiende tena mpaka wengine waende. Kumwondoa dada mmoja kwa picha hakumpeleki kijana wa gereji popote. Kiti kitarudi kwa walewale, ila wataficha simu.

La makuta. Posho tuliyopewa ilikuwa ya chakula cha jioni na usafiri. Tulikula chakula cha jioni. Hatukwenda na mfuko wa grupu, na mweka hazina anaweza kuwasomea daftari Jumapili. Mwenzetu mmoja hakula kabisa, aliiweka posho yote akamnunulia mama yake vitenge viwili. Ni sawa. Mwingine alikula ya kwake. Ni sawa vilevile. Kwa nini wa vitenge awe shujaa na wa samaki awe mwizi?

La usalama, hasa wa wasichana. Hapa shirika lina hoja, ila limeishika kwa upande wenye makali. Pale hotelini sheria ya kutotoka ilitajwa kwa wasichana kwanza, tena kwa wasichana peke yao, "kwa ajili yenu wenyewe". Sisi wavulana hakuna aliyetuambia kitu. Dada zetu wamevuka ziwa, wamelala njiani, wamebeba wadogo zao mgongoni, wanajua hatari inavyonukia kuliko afisa usalama yeyote. Kama kweli ni usalama, wekeni gari moja litakalorudisha watu saa nne na lingine saa sita. Toeni namba ya simu inayopokelewa usiku, siyo ile inayosema ofisi imefungwa. Na karatasi! Mtu wa kambini akisimamishwa na polisi saa tatu usiku mjini, kibali chake kinasema tu amekuja mkutanoni. Polisi anauliza: mkutano gani saa tatu usiku? Andikeni kwenye barua kwamba mshiriki yuko mjini tarehe fulani mpaka tarehe fulani, mchana na usiku. Maneno mawili hayo yanagharimu wino kidogo sana. Kufungia watu ndani ni rahisi, ndiyo maana kunapendwa.

La ulevi. Yupo mshiriki mmoja, si wa grupu letu, ambaye asubuhi ya siku ya tatu hakuonekana mpaka saa tano. Huyo aulizwe yeye. Mtu wa ofisi moja naye alichelewa asubuhi hiyohiyo, sikusikia kanuni ikitungwa.

Kwa wale mnaoogopa kwamba picha itawakimbiza wafadhili, sijui niwaambie nini. Kama msaada wa mama zetu unategemea sisi kutoonekana tukicheka, basi tatizo ni kubwa kuliko stetasi ya mtu mmoja, na afadhali tulijue mapema.

Nilipokuwa naandika hivi jana usiku, giza lilikuwa zito, hakuna mwezi, na usiku wa namna hiyo Rumonge hailali. Mnajua wenyewe: ndagala wanafuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanakaa nyumbani. Kwa hiyo jana ziwa lote lilikuwa taa, moja, mbili, mia, kama mji mwingine umeota juu ya maji mpaka karibu na Ubwari. Kaka yangu mkubwa yuko kwenye mojawapo ya zile taa. Anatoka jioni, anarudi alfajiri na harufu ya samaki, na hakuna anayemuuliza mkimbizi anafanya nini nje usiku wote huo, kwa sababu anafanya kazi.

Jumapili ni saa nane, palepale kwenye uwanja nyuma ya shule. Nitapiga kura ya hapana kuhusu dada na kaka. Kisha nitaleta pendekezo la orodha ya zamu, na nimeshaandika jina la kwanza, kijana wa gereji, ambaye hajui kwamba namwandika hapa. Jina langu liko la mwisho. Tutamjibu pia yule wa shirika kwa barua, ya gari, ya namba ya simu na ya yale maneno mawili kwenye kibali. Anayejua Kifaransa cha kiofisi aje na kompyuta yenye chaji. Mzee, nitakuja kukuchukua nyumbani saa saba na nusu, tutembee pamoja.